"Mlisoma Kweli, Mwanangu?"

Juu ya kabati la studio yetu mjini Sumbawanga lipo boksi la kadi za salamu. Kila tukifanya usafi mtu hulishusha na kuliweka mlangoni, nami hulirudisha juu. Ndani mna kadi za karatasi ngumu, nyingi zimefifia wino, kila moja ina mistari ile ile: jina la mtumaji, mahali alipo, majina ya wanaosalimiwa, na chini kabisa ujumbe. Mtu wa Laela anamsalimu shemeji yake wa Matai. Kijana wa Kaengesa anawasalimu wanasalamu wenzake, kila mmoja kwa jina lake la hewani. Mama wa Namanyere anamsalimu mwanawe aliyekwenda masomoni na hajaleta habari. Kadi ilinunuliwa dukani kwa bei ya maandazi mawili, ikajazwa kwa kalamu ya kuazima, ikakabidhiwa kondakta wa basi, na jioni ikasomwa.

Nimefanya kazi ya redio hapa Ufipa kwa miaka 18. Nilianza kwa kusoma kadi hizo. Baadaye nikajifunza kuhariri sauti, kisha nikajifunza mitambo, kwa sababu fundi aliyetoka mbali alikuwa akichukua siku tatu kufika na wasikilizaji hawana siku tatu za kusubiri. Katika miaka hiyo nimeona teknolojia ikibadilika mara nyingi: kaseti, CD, kompyuta, mesenji, intaneti, simu janja. Kila ilipobadilika, watu wetu waliongezewa vitu vya kusikia. Nafasi ya wao wenyewe kusikika haikuongezeka kwa kiasi hicho, na mara nyingine ilipungua. Kusikia na kusikika ni mambo mawili. Ushuhuda wangu wote umo humo.

Mwenye kuijua Ufipa anajua jinsi ardhi yetu ilivyo. Uwanda wetu uko juu, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na umeporomoka pande zote mbili. Upande wa mashariki kuna ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na chini yake Bonde la Ziwa Rukwa lenye Muze, Mtowisa na Ilemba. Magharibi ardhi inashuka hadi Ziwa Tanganyika, kwenye vijiji vya wavuvi kama Kasanga, Wampembe na Kirando. Maziwa yote mawili yako chini yetu kwa karibu mita 1,000.

Mawimbi ya FM huenda mnyoofu, kama macho yanavyoona. Mlima ukikaa katikati, yanagota. Bonde likiwa chini ya ukingo, yanapita juu. Ndiyo maana mtu aliye mbali huko uwandani anatupata vizuri, na mtu wa chini ya ukingo, ambaye ndege angemfikia upesi, akizungusha kitufe anapata mkwaruzo tu. Babu zetu walikuwa na redio ya National yenye betri kubwa, wakaisikia Radio Tanzania hadi ufukweni, kwa kuwa masafa ya kati hutambaa na ardhi na masafa mafupi hupanda angani yakarudi. Utangazaji ulioanzia Dar es Salaam mwaka 1951 ulikuwa wa mbali, lakini ulishuka hadi bondeni. Kisha sheria ya mwaka 1993 ikafungua mlango wa redio binafsi na za taasisi, na mikoani tukapata vituo vyetu. Sauti ikawa safi, mtangazaji akawa mtu wa kwetu anayejua Mpui iko wapi na Muze iko wapi. Ila waliokuwa chini ya ukingo walibaki nje.

Hilo nililifahamu kama fundi. Nililielewa kama mtu jioni moja ya masika.

Mzee mmoja alifika na baiskeli, suruali imeloa hadi magotini. Alitoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko karatasi iliyokunjwa mara nne. Kaka yake amefariki. Mazishi ni keshokutwa saa nane mchana. Dada yao yuko Mtowisa, apate habari.

"Pole sana, mzee," nilimwambia.

"Nimeshapoa, mwanangu. Wewe soma tu. Soma polepole, na jina la kijiji ulirudie."

Nilisoma saa mbili usiku, nikasoma saa tatu, na alfajiri nikasoma tena. Kila nikimaliza, niliweka alama ya wino pembeni ya karatasi, kama tulivyofundishwa. Alama tatu.

Baada ya siku tisa mama mmoja aliingia mapokezi, kanga imefungwa kichwani, miguu ina vumbi la barabara ya kupandia ukingo. Alipewa maji akanywa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Mlisoma kweli, mwanangu?"

Nikamletea karatasi ya kaka yake. Hakuwa anajua kusoma. Nikamweleza kwamba kila alama ni mara moja tuliyosoma. Akazipapasa zile alama kwa kidole, moja, ya pili, ya tatu. Alikuwa amefika msibani matanga yameanuliwa. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Basi sauti ilipita juu."

Tangu siku hiyo sijawahi kuzungumza habari za usikivu kama jambo la ramani.

Tulifanya hesabu ya kuweka mtambo mdogo wa kurudia matangazo bondeni. Mtambo wenyewe, mnara, uzio, umeme wa jua na betri zake, kinga ya radi, na ada za masafa na leseni. Anayeijua Rukwa anajua kwamba kinga ya radi si pambo. Nimeona radi ikipiga mnara na kuondoka na vifaa vya mwaka mzima. Umeme nao una habari yake. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulitoka Zambia kupitia Mbala, na kituo kisichokuwa na jenereta kilikuwa kituo cha kubahatisha. Hesabu ilitushinda. Basi badala ya mnara tukatafuta watu.

Katika kila kata ya bondeni tulimpata mtu mmoja mwenye simu na moyo: mwalimu, muuza duka, mhudumu wa afya wa kijiji, fundi cherehani. Tangazo la kifo likifika studio, linasomwa hewani, na papo hapo karatasi inapigwa picha na kutumwa kwa mtu wetu wa kata husika. Yeye humfuata balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji, na balozi humfikia mfiwa. Vipindi virefu vina njia yake. Siku za mnada huwa kuna vijana wenye kompyuta chini ya turubai, wanachaji simu na kuwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Tuliwapa bure kipindi cha kilimo na cha afya, wawawekee watu pamoja na nyimbo. Mfugaji wa Kisukuma aliyeshuka na ng'ombe wake akaondoka na maelezo ya chanjo mfukoni, akayasikiliza porini bila masafa wala mtandao.

Kwa hiyo mtu asidhani napinga simu. Imetufikisha mahali ambapo mnara wetu haufiki, na minara mingi ya simu vijijini imejengwa kwa sababu taifa liliamua hivyo. Sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Watoa huduma wanatozwa, na fedha hiyo inapeleka mawasiliano mahali ambapo biashara peke yake isingekwenda. Kanuni hiyo ni nzuri: penye faida ndogo, wote tuchangie. Ombi langu ni kwamba kanuni isiishie kwenye mnara unaoleta sauti za mbali hadi Ilemba. Ihesabu pia sauti ya Ilemba inayotoka.

Nirudi kwenye kadi za salamu, maana ndipo nilipojifunza kwamba mabadiliko ya teknolojia huhamisha fedha kabla hujajua kwamba yamehamisha kitu. Fedha ya kadi ilibaki hapa hapa. Mwenye duka alipata chake, kondakta akapata cha soda, kituo kikapata dizeli ya jenereta. Zikaja mesenji za namba fupi. Ni rahisi, ni haraka, na mtu wa Kirando hakuhitaji tena kumtafuta kondakta. Kadi ikafa ndani ya miaka michache. Ila fedha ya mesenji inakatwa kwenye salio la mtumaji, inagawanywa mbali na hapa kati ya kampuni ya simu na mwenye namba, na kituo kinangojea kilichobaki. Salamu ziliongezeka, dizeli ikapungua. Hakuna aliyetuibia. Hakuna pia aliyekaa nasi mapema akauliza: njia hii mpya ikija, redio ya kijiji itakula nini?

Jambo la pili ni dogo kwa umbo na kubwa kwa madhara. Simu ambayo watu wetu huiita kiswaswadu ina tochi, chaji yake hukaa siku nyingi, na ina redio ya FM. Mkulima anachomeka waya wa masikioni, waya ule ule unakuwa antena, anapalilia mahindi huku anasikiliza bila kulipa chochote. Sasa mjukuu aliyeko mjini anamletea simu janja, kwa upendo. Simu janja nyingine hazina FM, na hiyo yake ni mojawapo. Kituo kile kile kilicho kilomita chache kutoka shambani kwake, sasa anatakiwa akipate kwa bando. Bando likiisha, na huisha, redio ya kwao inanyamaza. Maji ya kisima cha kijiji yanazungushwa hadi mjini, yanarudi kwa mwenye kisima yakiwa ya kuuzwa. Nchi inayoamua viwango vya simu zinazoingia bandarini inaweza kuliangalia jambo hili. Hatuombi fedha hapo, tunaomba FM isitolewe kwenye mkono wa mkulima.

Jambo la tatu tulilishuhudia kwa televisheni, nami naliogopa kwa redio. Nchi yetu ilikuwa ya mbele Afrika Mashariki: Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, kabla ya ukomo wa 17 Juni 2015 uliokubaliwa Geneva mwaka 2006. Faida zipo, picha ni safi na chaneli ni nyingi. Lakini mfumo ulibadilika mpaka kwenye mizizi. Zamani mwenye kituo alikuwa na mtambo wake. Akinyamaza, alinyamaza kwa kushindwa kwake mwenyewe. Katika dijitali, mwenye maudhui ametenganishwa na mwenye mtambo wa kusambaza. Kituo kidogo kinatengeneza vipindi, kisha kinamlipa mwingine avirushe. Na mtazamaji naye ananunua king'amuzi. Wenzetu wa Kenya waliona ugumu wa njia hiyo Februari 2015, vituo vikubwa vya Citizen, KTN na NTV vilipotoweka hewani kwa karibu wiki tatu kutokana na mgogoro wa nani arushe matangazo yao. Wale walikuwa na mawakili, walikuwa na magazeti, walikuwa na taifa zima linaloulizia. Kituo cha wilaya kikitoweka namna hiyo, nani ataulizia zaidi ya yule mama wa Mtowisa?

Siku moja redio nayo itaambiwa ihame. Ikifika siku hiyo, ningependa wakubwa wetu waikumbuke Norway. Mwaka 2017 nchi hiyo, yenye fedha kuliko sisi, ilizima FM kwa vituo vyake vya kitaifa na kuvihamishia kwenye dijitali. Vituo vingi vya mitaa viliachiwa viendelee na FM. Walitambua kwamba kipimo cha mkubwa hakimfai mdogo. Hilo ndilo ninaloliomba katika ada na leseni pia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipokuja na ada ya shilingi milioni moja kwa mwaka, kwa kituo cha Dar es Salaam hiyo ilikuwa karatasi moja zaidi ya kujaza. Kwetu ilikuwa mshahara wa watu. Baadaye ada zilipunguzwa, na kupunguzwa huko kunaonyesha kwamba sikio lipo. Tunaomba lisikilize kabla ya kanuni kuandikwa.

Lakini siwezi kudai ulinzi bila kusema ni nini kinacholindwa.

Mtu wa Sumbawanga akifika mbali na kujitambulisha, anachoulizwa kwanza ni uchawi na radi. Wenyewe husema jina la mji wetu lina maana ya kuutupa uchawi. Nje ya hapa limegeuzwa kuwa jina la kuuleta. Rukwa ni moja ya mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, wakulima wake walijua kufukia nyasi kwenye matuta ya ntumba na kuirutubisha ardhi kabla ya mbolea ya dukani, na mababu zao waliyeyusha chuma kwenye malungu ambayo mengine bado yamesimama uwandani. Habari hizo hatuwezi kungojea atoke mtu mbali aje atusimulie. Chombo cha habari cha mahali ni mahali kujieleza kwa mdomo wake.

Na ni mahali ambapo anayesema anafahamika. Kipindupindu kilipoingia bondeni, kwenye makundi ya WhatsApp ulienea uvumi kwamba dawa ya kutibu maji inaharibu uzazi. Ulisambaa kwa dakika, hauna jina wala makazi. Tulimwita muuguzi wa zahanati, mtu ambaye amezalisha nusu ya wasikilizaji wale, akakaa mbele ya maikrofoni. Simu zikaingia. Mama mmoja akamuuliza, "Dada, na wewe nyumbani kwako unaitumia?" Akajibu, "Ninaitumia, na ninyi jirani zangu mnaniona nikiitia ndooni." Uvumi haukufa siku hiyo, lakini ulikutana na mtu wa kumuuliza. Hilo simu peke yake haikulifanya. Ilihitaji chombo ambacho kesho yake unaweza kukikuta sokoni ukakidai.

Wakati wa mavuno ni hivyo hivyo. Mkulima akisikia bei ya mahindi ya vituo vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, anakuwa na neno la kumjibu mlanguzi anayetaka gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo. Akipiga simu hewani na kutaja kijiji anakolaliwa, mlanguzi mwenyewe anasikia.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu wa studio, kwa upendo na bila kuficha, kwamba tukishinda tunapiga muziki na kuchambua mpira wa mbali kuanzia asubuhi hadi usiku, hatuna tunacholinda. Vituo vikubwa vinaifanya kazi hiyo vizuri kuliko sisi na vinatufikia kwa satelaiti. Wenzetu wa Orkonerei kule Terrat, wa Sengerema, wa Karagwe na Ngara walisimama kwa sababu walikuwa na watu wao hewani. Kupitia TADIO, mtandao wa redio za kijamii, habari za vijiji sasa zinasomeka mbali na mnara uliozirusha. Hilo ni jema, mradi habari zianzie kijijini kweli.

Hata lugha ni sehemu ya kusikika. Masharti ya utangazaji wetu ni Kiswahili au Kiingereza, nasi tunayafuata. Lakini bibi wa miaka 80 anapoeleza alivyohifadhi mbegu ya ulezi, fikra yake inakuja kwa Kifipa. Tunamkalisha na mjukuu wake, mjukuu anatafsiri, nasi tunatunza sauti ya bibi yote, kwenye diski mbili zilizowekwa nyumba mbili tofauti. Kaseti zetu za kwanza ziliharibika kwa unyevu na kwa kurekodiwa juu yake, na sauti zilizokuwamo hazirudi. Sitaki kizazi kinachokuja kipate boksi la kadi peke yake.

Ninachoomba, basi, kinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Ada zipimwe kwa ukubwa wa kituo na watu wanaohudumiwa. Mfuko unaojenga minara ya simu ufikirie mitambo ya kurudia redio za mahali penye mabonde kama letu. Redio ikihamishwa kwenda dijitali, vituo vya mahali viachiwe FM au vipewe nafasi bila kumlipa msambazaji. Halmashauri zinapotaka wananchi wahudhurie mkutano au chanjo, zilipie tangazo kama zinavyolipia turubai. Na kabla ya kila mabadiliko, aulizwe mtu wa chini ya ukingo.

Sisi tumeshaanza na lililo mikononi mwetu. Karatasi ya tangazo la kifo siku hizi ina alama za rangi mbili. Nyeusi ni kila mara tuliposoma hewani. Nyekundu tunaiweka pale tu mtu wetu wa kata anapotujibu kwamba mfiwa amepata habari. Taarifa nyingi ninazozisoma kuhusu mawasiliano ya vijijini zinahesabu alama nyeusi: minara mingapi, chaneli ngapi, laini ngapi. Mezani kwangu, karatasi isiyo na alama nyekundu haiingii kwenye faili. Jana usiku ilibaki moja, ya Ilemba. Nilikaa nayo hadi saa tano, simu ikalia, sauti ya fundi cherehani ikasema, "Dada, nimemkuta. Anaanza safari alfajiri." Nikachukua kalamu nyekundu, ndipo nikazima taa.